Aliyeipokea Bataka Yangu

Mpeleka mizigo alinigeuzia simu yake niangalie, na nilipoangalia nikauona mlango. Mlango tu, mtu hayumo. Mbao ya kahawia iliyochongwa maua, kitasa cha shaba, na chini upande wa kulia ule mkwaruzo uliofanywa na mtungi wa gesi siku nilipouburuta peke yangu. Kitasa kile nimekisugua kwa limau na chumvi mpaka vidole vikachubuka. Hata nikifumbwa macho nitakitambua kwa kukishika.

"Imeshapokelewa," kijana akaniambia kwa Kiarabu. "Tangu wiki iliyopita. Hii ndiyo picha. Khalas."

Alikuwa amekuja kuleta viatu vya mkwe wa bibi ninayemfanyia kazi, mimi nikamwomba aniangalizie na kadi yangu ya bataka, maana nilikuwa nimechoka kungoja. Akaingiza namba ya bataka, akaangalia, akanionyesha. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Aliwasha gari akaondoka, nami nikakaa kwenye ngazi ya mbele, jua la Al Khoudh linanichoma utosini, sihisi kitu. Bataka yangu ilikuwa ndani ya nyumba ya Wattaya. Katika nyumba zote za Maskati, imekwenda kwenye ile niliyotoka na nguo nilizovaa.

Sasa nirudi nyuma nieleze, msije mkadhani nalia kwa kadi ya plastiki.

Mimi shule niliishia darasa la nne, huko kwetu Muheza. Kuandika najua, kwa herufi kubwa kubwa, na haya ninayoandika naandika polepole jikoni wakati bibi amelala mchana. Oman nilikuja nikiwa na mtoto mmoja wa kike, nikamwacha kwa mama yangu akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Nyumba ya kwanza niliyofikia ni hiyo ya Wattaya. Mama mwenye nyumba ni Mwarabu wa asili ya Unguja, Kiswahili chake kitamu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kazi. Ukitukanwa kwa lugha usiyoijua, inapita kama upepo. Yule alinitukana kwa lugha ya mama yangu. Aliitia paspoti yangu kwenye kabati lake la nguo, ufunguo akauvaa shingoni. Simu aliniruhusu Ijumaa, tena akiwa amekaa pembeni anasikiliza. Nilipougua alisema, "Wewe huumwi, wewe wadeka." Jina lake nalijua hadi la babu yake. Sitaliandika hapa, lakini akisoma atajijua, na majirani zake watamjua.

Nilitokaje? Kwa kuosha masufuria. Aliniazima kwenye harusi ya ndugu zake nikaoshe vyombo, nami kule nyuma nilikuwa nabishana na wapishi kwamba biriani lao linaungua. Akapita bibi mmoja mfupi, mtandio begani, akasimama.

"Nani huyo azungumzaye Kiswahili cha Mrima huku nyuma?"

"Mimi, bibi."

"Huko ulipo wala?"

Hakuuliza kama nafurahi, wala kama nalipwa. Aliuliza kama nala. Nikamwambia ukweli, kwamba nala mabaki, tena yakibaki. Bibi akaenda zake. Baada ya muda mwanawe, ambaye ni mtu wa serikali, akaenda Wattaya akaongea na mama yule na mumewe. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba niliitwa sebuleni nikapewa paspoti yangu, nikaingia kwenye gari, na karatasi zangu zikahamishwa zikaandikwa jina la bibi.

Hapa kwa bibi nimekaa miaka sasa, na nasema bila kuficha kwamba nimeridhika. Watu wengine wakisikia mtu kaumizwa wanataka aendelee kulia ili wamhurumie vizuri. Mimi silii. Chumba changu kina dirisha. Paspoti yangu iko kwenye mkoba wangu, na mkoba uko chini ya mto wangu mwenyewe. Asubuhi nachoma vitumbua, bibi anakaa kwenye kiti chake cha jikoni kusimamia, ingawa hakuna cha kusimamia.

"Moto mwingi huo."

"Bibi, huu ndio moto wa jana."

"Na jana pia ulikuwa mwingi. Nliona haya tu kukwambia."

Basi ndiyo maisha yetu. Tunabishana, tunakula, tunasikiliza khabari za watu kwenye simu yake, ambayo huiweka sauti ya juu mpaka paka anakimbia. Akienda Suqi ya Sib ananichukua, na akinunua kitambaa ananiuliza mimi kwanza kama kitachuja rangi.

Mwaka huu mwanangu aliniambia ana mimba ya kwanza. Kwetu mtoto wa kike akizaa mara ya kwanza anazalia kwa mamaye. Mama ndiye anayechemsha maji, ndiye anayemkanda tumbo kwa taulo la moto asubuhi na jioni, ndiye anayemfunga kanga kiunoni ili mwili urudi mahali pake, ndiye anayempikia uji wa pilipili manga. Siyo kazi ya kumpa mtu. Mimi mwanangu sikumwona akianza shule, sikumwona akivunja ungo, na siku anaolewa niliangalia kwenye simu, picha inakatikakatika, nikaona kofia ya bwana harusi na pua yake tu. Nilimwambia, "Hili la kuzaa nitakuwepo. Nikiwa nimekufa ndiyo nisingoje mlangoni."

Bibi alinipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba. Akanipa na ubani wa Dhofari, ule mweupe, nimfukizie mzazi. "Na uwatu umtie kwenye maziwa," akasema. "Msiwe wabishi kama mlivyo kwenye vitumbua."

Kikabaki kitu kimoja, bataka. Ya zamani ilikuwa inakwisha. Asiyejua mambo ya huku namweleza kwamba bataka ni kadi ya ukaazi, ndiyo miguu ya mtu wa kigeni. Ukitoka nchini bila mpya, kutoka utatoka, lakini kurudi ndiyo basi tena. Zamani ulikwenda mwenyewe ukapigwa picha, ukangoja, ukatoka nayo mkononi. Siku hizi wameona ni maendeleo ikuletewe na mpeleka mizigo.

Tulikwenda na bibi kwenye ofisi ndogo ya kujaza karatasi, moja ya zile za chini ya ghorofa, yenye kiyoyozi kikali na mashine ya kahawa. Hapa namtaja mkosaji wa kwanza. Ni kijana wa mezani, ndevu zimechongwa, manukato yanakufikia kabla yake. Mimi namba za simu kwa Kiarabu zinanichanganya, kwa hiyo nilikuwa nimeandikiwa namba yangu kwenye kikaratasi. Nikamnyooshea.

"Ipo," akasema bila kuinua macho.

"Kaka, hii ni mpya. Ile ya kwanza siyo yangu, ni ya mama niliyekuwa—"

"Ipo, ipo. Yalla, dole gumba hapa."

Kikaratasi changu kikabaki hewani kama sadaka iliyokataliwa. Bibi alikuwa anavaa miwani. Nikaweka dole gumba.

Kungoja kulikuwa kutamu mwanzoni. Anayejua Maskati anajua kwamba huku nyumba haina anwani ya kueleweka. Mpeleka mizigo anapiga simu, unamtumia ramani kwenye simu, naye bado anapotea, anapiga tena, unamwelekeza kwa msikiti na matuta na nyumba yenye boti uani. Mimi nilikuwa nimeyakariri maelekezo kwa Kiarabu kama mtu anayesoma dua. Kila gari dogo likisimama nje nilikuwa wa kwanza getini. Lilikuja la shampuu. Lilikuja la chakula cha paka. Bibi akawa ananicheka.

"Mwari kashasikia gari la bwana harusi."

"Cheka tu, bibi. Nikienda utakula vitumbua vya nani?"

"Vya dukani. Vina moto kidogo."

Begi langu lilikuwa limefungwa tayari, liko nyuma ya mlango. Kanga doti za kutosha, nguo za kitoto za rangi ya maziwa kwa vile hatujui ni wa kike au wa kiume, mafuta ya habbat soda, ubani. Usiku nikilala nilikuwa nalisikia harufu lile begi. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo. Mwanangu kwenye simu akawa ananiuliza, "Mama, imekuja?" namwambia, "Iko njiani." Tumbo lake likashuka. Mkunga akasema wakati wowote. "Mama, imekuja?" Iko njiani.

Kumbe ilishafika. Namba iliyokuwa imekaa kwenye mashine ya yule kijana mwenye manukato ilikuwa ya mama wa Wattaya. Mkosaji wa pili ni huyo aliyeipeleka, na sina hakika ni yule yule wa viatu au mwenzake. Alipiga namba ile akasema, nimebeba bataka ya fulani, na akataja jina langu, maana lazima wataje. Mama yule akasikia jina langu. Angeweza kusema hayupo. Angeweza kusema simjui. Alisema, "Lete," akatuma ramani ya nyumba yake, akafungua mlango, akatia saini. Mpeleka mizigo hakuuliza kama aliyesimama mbele yake ana sura ya kwenye picha. Alipiga picha mlango, akaenda zake.

Nilipoinuka pale ngazini nikaingia ndani, bibi aliniona uso akazima simu yake mwenyewe, jambo ambalo halifanyi hata adhana ikiita. Nikamweleza. Tukapiga kule ofisini. Yule kijana akasema, "Mama, mashine ndiyo iliyojaza." Mashine! Tukauliza kama inawezekana kutolewa nyingine. Akasema nyingine ni kwa iliyopotea, na hii haijapotea, imeandikwa imefika. Bibi akapiga mwenyewe Wattaya. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatwa.

"Ananikatia mimi?" bibi akasema. "Mimi nliyemlisha mamaake uji wa arubaini?" Akaniangalia. "Kavae baibui lako la Idi. Wende kama mgeni, si kama mtumishi."

Dereva akatupeleka. Njia nzima nilikuwa nashikilia mkanda. Tulipofika nikauona mlango wenyewe, na kitasa kimefubaa, hakuna anayekisugua. Sitaficha kwamba hilo lilinifurahisha kidogo.

Alifungua yeye. Kumwona bibi, akambusu mkono, kwa vile mtu wa adabu zake hawezi kufanya vinginevyo. Kuniona mimi nyuma, midomo ikabana. Lakini mgeni keshavuka kizingiti. Tukapelekwa kwenye majlisi, chumba chao cha wageni, na bibi akaupiga mto wa pembeni yake mara mbili kwa kiganja, maana yake nikae. Mito ile nimeifuta vumbi miaka, sikuwahi kuikalia. Nikakaa.

Zikaulizwa khabari. Hujambo, watoto hawajambo, baba vipi, khabari za Sohari, khabari za Unguja. Ikaja halua, ikaja tende. Ikaja kahawa kwenye dele, akamimina mwenyewe, akampa bibi finjani kwa mkono wa kulia. Bibi akaipokea. Akaiweka chini mbele yake, hakuinywa.

Mimi nilikuwa nimeishi miongoni mwao miaka yote ile na sikuwahi kuliona jambo hili kwa macho. Mama yule akaiangalia ile finjani kama mtu aliyeona nge.

"Bibi, kunywa. Itapoa."

"Nna haja," bibi akasema.

Huku mgeni asiponywa kahawa ya mwenyeji, ana la kuomba, na kama ataondoka bila kuinywa, mwenyeji ameaibika, yeye na ukoo wake, na khabari itafika hadi Unguja kabla ya jua kuzama. Mwenyeji lazima akubali kabla hajajua anaombwa nini.

"Haja yako imepita, bibi. Kunywa."

"Bataka ya huyu."

"Bataka? Bataka gani tena? Mimi—"

Bibi hakubishana. Hakutaja picha, hakutaja simu iliyokatwa. Alikunja mikono juu ya magoti akaiangalia finjani yake, mvuke unapungua. Yule mama akakaa. Akasema watu huleta vitu vingi siku hizi. Akasema labda mtumishi alipokea. Bibi akasema, "Mamaako alikuwa mwepesi wa kunywesha wageni. Mungu amrehemu."

Mama yule akainuka. Nikamsikia akifungua kabati la chumbani, lile lile, naujua mlio wake. Akarudi na bahasha. Ilikuwa imechanwa. Ndani imo kadi, picha yangu, jina langu, sura yangu ya kuchoka siku ya kupigwa picha. Kwa hiyo aliifungua, aliniona, akanifungia tena kabatini. Aliiweka mkononi mwa bibi, siyo mwangu. Bibi akanipa mimi. Ndipo akanywa.

"Ahsante, mwanangu. Kahawa nzuri. Hiliki tu ndiyo mmeionea choyo."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nalo swali moja, limekaa kwenye ulimi tangu pale ngazini. Nikasema, "Mama, kwa nini uli—" Bibi akanishika mkono akanifinya, kweli kweli, kwa kucha.

"Tumekuja na haja moja," akasema. "Imepita. Twende zetu."

Kwenye gari nilinuna. Akaniambia, "Wacha kuvimba. Finjani moja, haja moja. Ungemuuliza, angekuwa na haki ya kukasirika, na bataka ingekuwa mjadala. Sasa unayo. Uliitaka bataka au ulitaka maneno?"

"Vyote viwili, bibi."

"Basi weye una tamaa," akasema, akacheka, na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimeishika kadi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Tikiti ilipatikana ya kesho yake. Asubuhi hiyo ya kuondoka, begi liko mlangoni, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wa mwanangu. Akasema, "Hongera, bibi. Wa kike." Nyuma yake nikasikia mtoto analia, sauti nyembamba yenye hasira, na nyuma ya mtoto nikamsikia mwanangu akiuliza, "Mama kasharuka? Mama kasharuka?"

Nilikuwa bado nimesimama jikoni Al Khoudh.

Nilifika. Maji ya kwanza alikandwa na jirani, mwanamke mwema, simlaumu, ingawa taulo alilitumia jembamba. Mimi nilianza na yaliyofuata. Nilichemsha maji mpaka mikono ikawa myekundu, nikamkanda mwanangu akipiga kelele, "Mama, waniunguza!" nami nikasema, "Huu ndio moto wa jana." Nilimfunga kiuno, nikamlisha uji, nikamfukizia ubani wa bibi nyumba nzima ikanukia Maskati. Mjukuu nilimlaza kifuani kila mchana. Nilikaa arobaini yote. Zilikuwa siku nzuri, nisiwadanganye. Hata nilipokuwa narudi nilikuwa mzima, nimeshiba, na pale uwanja wa ndege nilipoitoa bataka yangu askari aliiangalia mara moja tu akanirudishia.

Lakini kuna saa ile ya kwanza. Mtoto anatoka, mama anamtafuta mamaye kwa macho. Mwanangu aliniambia kwamba aliangalia mlangoni. Saa hiyo haina ya pili, na mimi nilikuwa nimeahidi.

Kwa hiyo sasa naomba nijibiwe. Kijana wa mezani, sikutaki wewe, wewe ni mvivu tu, kuna wengi. Wewe uliyepiga picha mlango ukadhani umemwona mtu, Mungu akufumbue macho. Namtaka yule mama wa Wattaya. Pale kwako nilinyamazishwa kwa heshima ya kahawa, hapa sijakalia mto wako wala sijapewa finjani yako. Ulisikia jina langu kwenye simu. Ulijua sipo kwako. Ukasema "Lete." Ulichana bahasha ukaiona sura yangu, ukaitia kabatini, ukakata simu ya bibi, na kila siku iliyopita tumbo la mwanangu lilikuwa linashuka. Nilikukosea nini? Ulikuwa unangoja nije nikupigie magoti, au ulitaka tu nisitoke? Nijibu. Usimtume mtumishi, usiseme mashine. Namba yangu unaijua sasa, nimeiandika upya kila mahali. Piga, niambie kwa Kiswahili chako kile kitamu kwa nini ulisema "Lete."